Mikanda ya Sanduku Moja

Inspekta Wivine Kahindo alilaza kipande cha mkanda mpya juu ya meza ya chumba cha mashine, akachukua kisu kilichokutwa katika vifaa vya fundi Yuma, akakata. Kisu kilipita mara moja. Aliigeuza ncha kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa laini kama jibini la Masisi. Kando yake akaweka mikanda miwili iliyokatika Jumatatu. Ncha za hiyo zilikuwa na nyuzi zilizochomoza, kila uzi na urefu wake.

"Hii haikukatwa na mutu," alisema. "Ilichanika yenyewe."

Mama Henriette, muuguzi mkuu wa Kliniki Maji Meupe, alikuwa amesimama mlangoni na jalada la mitambo kifuani.

"Basi sababu gani Papa Yuma iko mu kasho siku ine?"

Wivine naye alikuwa anatafuta kwa nini fundi amewekwa mahabusu. Jalada la kesi lilimfikia jana tu, baada ya mwenzake aliyekuwa nalo kuugua, na ndani yake mlikuwa na sentensi moja iliyopigiwa mstari: Mashine mbili haziwezi kuharibika siku moja bila mkono wa mtu.

Chumba cha mashine kilikuwa nyuma ya kliniki, katika mtaa wa Mapendo mjini Goma, kimejengwa kwa mawe meusi. Ndani yake kompresa mbili, A na B, zilisukuma hewa kwenye matangi ya kuchuja oksijeni, na bomba moja likaipeleka wodini. Mashine moja ilitosha. Ya pili iliwekwa ili ya kwanza ikifa, wagonjwa wasijue.

Jumatatu walijua. Saa nane na dakika kumi mchana mkanda wa A ulikatika. B ikawaka yenyewe kama ilivyopangwa. Dakika arobaini baadaye mkanda wa B nao ukakatika. Chupa za akiba ziliwatosha wagonjwa watano kati ya saba. Marie-Louise, mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka thelathini na mmoja, alikufa. Alikufa pia mtoto wa siku tisa ambaye wazazi wake walikuwa bado hawajakubaliana jina.

Yuma alikuwa zamu. Wiki moja kabla alikuwa amegombana na mkurugenzi kwa kunyimwa likizo ya kwenda Kindu kumzika kaka yake. Kisu chake kilikuwa na vumbi la mpira mweusi. Hayo yalitosha kumpeleka mahabusu.

"Hiki kisu anakifanyia nini?" Wivine aliuliza.

"Anakata chambre à air, mpira wa ndani wa tairi ya pikipiki, anaziba nayo bomba zikivuja. Sisi wote tunamuonaka."

Wivine aliipindua mikanda. Mgongo wa kila mmoja ulikuwa na nyufa ndogo, karibu kila upana wa kidole. Nyufa za A na za B zilifanana kama alama za meno ya mtu mmoja. Namba iliyochapwa ubavuni ilikuwa 4471 kwenye mkanda wa kwanza, na 4471 kwenye wa pili. Kisha akainama kusoma vipima saa vinavyohesabu kazi ya kila mashine, ambavyo hurudishwa sifuri kila mkanda unapobadilishwa. A: 2,011. B: 2,004.

Akavisoma tena.

"Mama Henriette, B si ni ya akiba?"

"Njo ya akiba."

"Mbona imefanya kazi sawa na A?"

Henriette alimkabidhi jalada la mitambo. Hilo lilikuwa swali la fundi.

*

Yuma aliletwa kwenye chumba cha mahojiano saa tano asubuhi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minne, mrefu, mwenye kofia ya kufuma aliyoivua alipoingia na kuikunja mara nne.

"Jambo, Papa Yuma."

"Jambo, Mama Inspekta."

Wivine alimwonyesha picha ya vipima saa kwenye simu. "Nielezee hizi namba."

"Ni zamu. Saa kumi na mbili A, saa kumi na mbili B. Ingénieur Gauthier njo alipanga vile. Alisema zikuwe kama mapacha, hakuna ya kuchoka mbele ya ingine."

"Na mikanda?"

"Tulifunga yote mbili siku moja, tarehe nane Januari. Ilitoka mu sanduku moja."

"Ilipashwa kukaa saa ngapi?"

"Quatre mille. Iliandikwa ku mulango: badilisha ku saa elfu ine." Yuma aliinua macho. "Lakini ile mikanda haikukuwa ya kweli, Mama. Mwezi wa ine tayari niliona nyufa. Nikamutumia ingénieur picha. Akanijibu ku telefone: endelea, iko normal."

"Hiyo haiko mu maelezo yako."

"Nilisema. Yule aliyekuwa anaandika, nilipofika hapo, aliweka bic chini."

Wivine aliandika sentensi hiyo neno kwa neno, akamsomea, akamgeuzia karatasi asaini. Yuma alisaini taratibu, kisha akabaki ameshika kalamu.

"Sanduku lilikuwa na mikanda ngapi?" Wivine aliuliza.

"Six. Sisi tulitumia mbili. Mbili ingénieur alipeleka ku muji wa Kiwanja, ku tawi letu. Mbili zilibaki kwake."

"Kiwanja mashine ziko namna gani?"

"Vilevile. Mapacha."

"Walifunga siku gani?"

"Nyuma yetu siku tano."

Wivine alipiga hesabu pembezoni mwa daftari. Kila mashine, saa kumi na mbili kwa siku. Siku tano, saa sitini. Jumatatu, mikanda ya Mapendo ilipokatika, ile ya Kiwanja ilikuwa na saa kama 1,950. Tangu hapo zimepita siku nne. Akajumlisha, akapigia mstari: 1,998. Leo Ijumaa.

Yuma aliisoma namba ile kichwa chini miguu juu, kutoka upande wake wa meza.

"Mama," alisema, "musikae hapa."

Koridoni Wivine alimpigia Evariste, fundi wa Kiwanja, ambaye namba yake ilikuwa kwenye jalada la mitambo. Haikupatikana. Akapiga tena, kisha akampigia muuguzi wa huko. Askari wa zamu alimwambia mtandao umekatika upande wote wa Rutshuru, Kiwanja ikiwemo, tangu alfajiri.

*

Injinia Gauthier alikuwa na ofisi ndogo iliyopangwa vizuri, michoro ikiwa imeviringishwa kwenye mirija ya karatasi ngumu, kila mmoja na lebo yake. Alikuwa ameshatoa maelezo mara moja na alimkaribisha Wivine kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuaminiwa.

"Ingénieur, mashine mbili zinaweza kufa siku moja?"

"Uwezekano ni mdogo sana. Niliandikia parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka, hesabu. Moja ikiwa inakufa mara moja kwa mwaka, mbili kufa saa moja, pamoja, ni jambo la miaka maelfu. Kwa hiyo ni mkono wa mtu."

"Hiyo hesabu ni ya mashine ambazo hazijuani," Wivine alisema. "Hizi zilikula sahani moja."

Akaweka mezani mikanda miwili, kisha kipande alichokikata kwa kisu. Hakueleza kitu. Gauthier alitazama ncha, akatazama nyufa, na mkono wake ukaenda kwenye kola ya shati.

"Zamu ya saa kumi na mbili, nani aliipanga?"

"Ni kawaida kugawa kazi."

Wivine alifungua jalada alilopewa na Henriette mahali alipokuwa amekunja. Ulikuwa mchoro wa kwanza wa mtambo, na maelezo ya mkono chini yake. A inafanya kazi. B inalala, inaamshwa saa moja kila siku ili ijulikane kuwa ni nzima. Mikanda ya A na B isitoke kwa mtengenezaji mmoja.

"Huu mwandiko ni wa nani?"

Gauthier aliunyoosha mkunjo wa karatasi kwa kidole gumba.

"Ni wangu."

"Kwa nini B ilipaswa kulala?"

"Ili zisizeeke pamoja. Ukizichosha sawa, zitakufa karibu saa moja. Ile ya akiba inapaswa kuwa kijana wakati ile ingine iko muzee."

"Ulijua."

"Kila mutu wa kazi hii anajua."

"Nani alibadilisha?"

"Miye. Wageni waliotoa msaada wa mashine walikuja kutembelea. B ilikuwa imelala. Mkurugenzi akasema itaonekana tuliomba kitu ambacho hatukihitaji. Nikaweka zamu. Ilinichukua dakika tano. Nilisema nitarudisha." Akaivuta mikanda karibu. "Na mikanda, nilinunua ile iliyopatikana. Carton moja."

"Yuma alikuonya mwezi wa ine."

"Hapana. Sikumbuki."

Wivine aliliacha hilo. "Kiwanja."

Gauthier alitazama saa ya ukutani kabla ya kujizuia, na Wivine akaona.

"Nilipanga kwenda kesho," alisema injinia. "Nilihesabu. Itafika elfu mbili na kumi kesho jioni."

"Mukanda umeisoma hesabu yako?"

Gauthier alisimama, akafungua kabati, akatoa mikanda miwili iliyokuwa bado na karatasi. "Nitafunga hizi. Twende."

Wivine aliipokea, akatafuta ubavuni. 4471. Akaiweka juu ya meza.

Walipita kwa Aboubacar, muuza vipuri, kutafuta mikanda ya sanduku lingine. Mlango wa chuma ulikuwa umefungwa. Ilikuwa saa saba, na jirani akawaambia yuko msikitini, hatarudi kabla ya saa tisa. Wivine alisimama kidogo tu mbele ya kufuli, kisha akarudi garini.

*

Gari lilikuwa la Gauthier na yeye ndiye aliyeendesha. Mbali na Yuma aliyekuwa mahabusu, hakukuwa na mtu mwingine wa karibu aliyejua kuirekebisha mitambo ile, na Wivine hakutaka kumpoteza machoni. Kila baada ya dakika tano alijaribu namba ya Evariste.

"B ilidumu dakika arobaini tu," alisema walipoiacha Goma nyuma. "Kwa nini?"

"Kuwaka ndiko kunaumiza mkanda. Matangi yakiwa yameshuka, mashine inaanza na mzigo wote, bila kupumzika. Mkanda mzima unavumilia. Mkanda uliochoka unamalizika hapo."

"Kwa hiyo A ikikatika Kiwanja, B haitawasaidia."

"Itawapa muda wa kuamini kwamba imewasaidia."

Walipofika Kibumba, lori la kabichi lilikuwa limekwama katikati ya barabara, gurudumu la nyuma hadi ekseli kwenye tope. Pikipiki zilipita pembeni. Gari halikuweza. Wanaume kumi na wawili walisukuma, Wivine akiwa mmoja wao, na dakika thelathini zikaenda. Gauthier alibaki ameshika usukani kwa mikono yote miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa. Kwenye kizuizi cha mbele, mwenye bunduki alitaka kujua inspekta anakwenda kumkamata nani. Wivine alisema haendi kumkamata mtu, anapeleka fundi hospitalini. Kamba ikateremshwa.

Walifika Kiwanja saa kumi kasorobo. Evariste aliwapokea kwenye mlango wa chumba cha mashine, mikono ina grisi, akashangaa kumwona injinia na polisi pamoja. Nyuma yake A ilikuwa inanguruma. Kipima saa: 2,001.

"Wagonjwa wangapi wako ku oksijeni?" Wivine aliuliza.

"Sita. Wawili ni watoto waliozaliwa mbele ya wakati."

"Chupa?"

"Tatu."

Gauthier alikuwa ameshainyoosha mikono kwenye swichi. "Tusimamishe A, tuwashe B, tubadilishe—"

"B utaiwasha na mukanda gani?"

Mkono ulisimama hewani. Injinia akaurudisha chini.

"A iendelee," Wivine alisema. "B haina kazi sasa hivi. Zima swichi yake isiwake yenyewe, vua mukanda wake, ufunge wa mahali pengine. Tukimaliza B, ndipo tuguse A. Evariste, hapa mjini mukanda wa kipimo hiki uko wapi?"

Evariste hakufikiri sana. "Ku kinu cha Mama Katungu, nyuma ya soko."

Kinu kilikuwa kinasaga mahindi. Foleni ya wanawake wenye mabeseni ilifika hadi barabarani. Katungu, mwenye kinu, mwanamke mnene aliyejaa unga hadi kwenye nyusi, alimsikiliza Wivine huku mkono wake uko kwenye swichi ya mota.

"Nikikupa mukanda, hawa ndugu zangu watakula nini leo jioni?"

"Mama, hospitali iko na watu sita. Mukanda wao unakatika leo. Hatujui saa."

Katungu aliwatazama wanawake wa foleni. Wa mbele, aliyekuwa amesubiri kuliko wote, aliinua beseni lake akaliweka kichwani na kusogea pembeni. Katungu akazima mota. Aliuvua mkanda wake mwenyewe kwa mikono miwili, kisha akachukua na mwingine mpya uliokuwa ukutani, wa chapa nyingine.

"Huu mupya na huu wa zamani. Munirudishie hata moja kesho asubuhi."

Wivine na Evariste walirudi kwa pikipiki, wakamkuta Gauthier ameshauvua mkanda wa B. Mkanda mpya ulikuwa umeshapita kwenye puli ndogo ya B, na Evariste anaupandisha kwenye puli kubwa, A ilipopiga mlio mkali, kama bati likichanwa. Kisha kitu cheusi kikapiga ukuta. Kisha ukimya.

Sindano ya kipimo cha shinikizo la hewa ilikuwa kwenye sita. Ikaanza kushuka.

"Ikifika tatu, wodini hakuna kitu," Evariste alisema. Hakuacha kufanya kazi.

Wivine alitoka mbio hadi dirisha la wodi. Muuguzi alikuwa na chupa moja mkononi na vitanda sita mbele yake. "Watoto mbele," Wivine alimwambia, "wengine muwakalishe wima." Akarudi. Tano. Gauthier alikuwa amepiga magoti akikaza bolti, spana ikimteleza mara mbili. Nne na nusu. Evariste akaushika mkono wake, akaichukua spana, akakaza mwenyewe.

Nne.

"Washa."

B ilikoroma, mkanda ukalia, sindano ikashuka hadi tatu na nusu na kutetemeka pale. Kisha ikapanda kidogo. Ikapanda tena. Ilipofika tano, Evariste aliketi sakafuni palepale alipokuwa.

Walifunga mkanda wa zamani wa Katungu kwenye A. Gauthier akafungua kisanduku cha kuongozea mashine, akaifuta zamu. B ifanye kazi, A ilale, iamshwe saa moja kwa siku. Ilimchukua dakika tano.

*

Wivine alimpa karatasi na kalamu kwenye meza ya maabara. Gauthier aliandika ukurasa mzima bila kufuta neno. Wivine aliusoma. Ulieleza mzigo, nyufa, uwezekano, namba ya sanduku, mchoro wa kwanza na wa pili. Ulikuwa sahihi na ungeeleweka na hakimu yeyote. Akamrudishia.

"Humu hamna mutu."

Gauthier aliichukua kalamu tena. Kisha akaandika chini, kwa herufi ndogo zaidi: Mwezi wa nne fundi Yuma alinitumia picha za nyufa. Nilimjibu ni kawaida. Sikwenda kuangalia. Jumatatu nilipojua sababu ni mikanda, nilinyamaza, na yeye akafungwa. Akasaini, akaandika tarehe, akauinamisha uso kwenye viganja.

Simu ya Wivine ililia kwa ujumbe saba kwa mpigo. Mtandao ulikuwa umerudi. Alimpigia mwendesha mashtaka, akamsomea maandishi yale mara mbili, kisha akampigia askari wa mahabusu Goma, amletee Yuma simu.

"Papa Yuma. Ingénieur amesaini. Kesho asubuhi mwendesha mashtaka atakuona, utaenda kwako."

Swali la kwanza la fundi halikuwa la nyumbani.

"Kiwanja ilikatika?"

"Ilikatika. Tuliwahi. Wote wako wazima."

"Mulifunga mukanda ya wapi?"

"Ya kinu cha mahindi. B iko na mupya, A iko na ya zamani."

"Mupya." Sauti ya Yuma ilibadilika. "Mukanda mupya unavutika, Mama. Kisha saa moja unalegea, unateleza, unaungua. Nani alirudia kukaza?"

Wivine alimtazama Gauthier. Injinia aliinua uso, akatikisa kichwa. Ilikuwa saa moja na dakika chache tangu B iwake.

Wivine alitoka na simu sikioni. Kabla ya kuufikia mlango wa chumba cha mashine aliisikia harufu ya mpira. Evariste aliiamsha A, akasubiri sindano ikae sawa, akaizima B na kuubonyeza mkanda kwa kidole gumba. Ukaingia ndani upana wa mkono.

Wivine akaweka simu kwenye spika, akaishika karibu na puli.

"Legeza bolti ya chini kwanza," sauti ya Yuma ilisema kutoka Goma. "Sasa vuta mota nyuma. Pole pole. Bonyeza katikati. Unaingia ngapi?"

"Vidole viwili," Evariste alisema.

"Ni mingi. Vuta tena."

Evariste akavuta. Gauthier alikuwa amesimama mlangoni, hakuingia.

"Sasa?"

"Kidole kimoja."

"Apo," Yuma alisema. "Funga apo. Na kisha saa ingine moja, uangalie tena."